Waya wa meno ukubwani: mdada wa Tanga kapatia au kachemka?

Kuna mdada maarufu pale Tanga, jina kapuni, katupia picha ana waya mdomoni, komenti zikawaka: "mtu mzima na waya wa nini?" Jamani, meno kubanana hayaangalii umri! Mkubwa anawekewa vizuri tu, ilimradi fizi ziwe na afya. Ila taya likishakomaa meno yanasogea taratibu, mwaka na nusu hadi miwili ni kawaida, na yakiwa yamepandana sana daktari anaweza kung'oa mawili matatu yapate nafasi.

Alipochemka ni hapa: kachukua waya wa kauri, ule mweupe usioonekana sana. Unapendeza, sawa, lakini vimpira vinavyoshikilia waya vinanyonya rangi, na pwani nani anakwepa manjano? Mchuzi wa samaki mara mbili tu, tabasamu lote njano. Zile trei za plastiki angavu ndo kabisaaa, zinatakiwa mdomoni kama saa 22 kwa siku, unavua wakati wa kula na kupiga mswaki. Mtu wa kahawa na kashata kila baraza ataweza? Kwa meno yaliyobanana hasa, chuma cha kizamani bado ndo kiboko, na mara nyingi ndo nafuu.

Afadhali yeye kaenda kwa daktari. Wanaobandikwa waya za urembo saluni, bila hata eksirei, meno yanasukumwa kusikojulikana mpaka yanalegea.

Wadau, nyie mngechagua ipi?