Ugumu Si Udhuru

Upo usemi mmoja ambao nimeuchoka. Kila inapotajwa Linux mbele ya wenzangu hapa Picha ya Ndege, hakosekani mtu wa kusema, "Aa, mwalimu, mfumo ule ni mgumu, waachie wataalamu." Mara nyingi msemaji ni mtu ambaye kompyuta ya nyumbani kwake inaendeshwa na Windows ya kunakili, aliyowekewa na fundi kwa shilingi elfu chache. Nimeamua kuwajibu kwa maandishi, maana barazani hawaniachi nimalize.

Ni kweli kwamba Linux ya miaka ile ilikuwa ngumu. Mwaka 2006, nikiwa nimekwisha kuacha ualimu mkuu, niliiweka katika kompyuta kuukuu ya mezani niliyoinunua Kariakoo. Nilitumia CD ya Ubuntu, mfumo ambao toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2004, na ambao wenyewe waliendelea kutuma CD zao bure kwa posta hadi mwaka 2011. Picha kwenye monita ilikuja na herufi zilizovimba kama maharage yaliyolowekwa. Modemu ya ndani haikuitika kabisa. Juu ya hayo, huo ndio uliokuwa mwaka wa ukame na mgao mkali wa umeme, na mashine ilizimika katikati ya kazi bila kuaga.

Sasa, msomaji, hebu tuutazame ugumu huo ulikuwa na nini ndani yake. Habari za monita zilikuwa zimeandikwa katika faili la maandishi ya kawaida, ambalo mtu yeyote ajuaye kusoma angeweza kulifungua. Nilitoa nakala yake kwanza, nikaandika vipimo vilivyokuwa katika kijitabu cha monita, nikawasha upya, picha ikakaa sawa. Kuhusu modemu, niliandika amri moja iitwayo dmesg, na mashine ikanionyesha mstari kwa mstari kila kifaa ilichokikuta wakati wa kuwaka. Nikaona kwamba modemu inatambulika kwa jina lakini haina wa kuiendesha. Modemu za aina ile zilitengenezwa nusu tu. Nusu ya kazi yake ilifanywa na programu iliyoandikwa kwa mfumo mmoja peke yake. Dawa ilikuwa kutafuta modemu ya nje, ya kuchomekwa nyuma ya mashine, inayofanya kazi yake yote yenyewe.

Hata mgao wa umeme ulikuwa na somo. Mpangilio wa mafaili nilioutumia, uitwao ext3, huandika kwanza katika daftari lake mabadiliko unayokusudia kufanya, ndipo huyafanya, kama karani mwangalifu wa stoo. Umeme ukirudi, husoma daftari na kujua uliishia wapi. Barua ambayo sikuihifadhi ilipotea, lakini kabati lenyewe halikuvurugika. Fundi wa programu za kunakili ana dawa moja kwa maradhi yote, nayo ni kufuta kila kitu na kuweka upya. Umeugua kichwa, unaambiwa uzaliwe mara ya pili!

Wataniambia kwamba mwenye kazi hana muda wa kujifunza hayo. Karani anataka barua yake itoke leo. Kwa karani nakubali. Lakini mwalimu je? Mwanafunzi je? Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa hiyo zilipokuja kwa wingi tulikuwa tumechelewa. Mtu aliyechelewa darasani hufidia kwa kujifunza kwa undani. Sisi tulichagua kufidia kwa kubonyeza, na leo tuna vijana wenye vyeti vya kompyuta ambao mashine ikigoma hurudi nyuma hatua tatu kana kwamba wameona nyoka.

Jambo la pili ni la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Mwalimu humwadhibu mtoto aliyenakili majibu ya jirani yake, kisha jioni humfundisha kuandika insha kwa programu iliyoibwa. Huyo anafundisha nini? Na wala hakuwa na haja ya kuiba. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kiini cha mfumo wake mwaka 1991, na mwaka 1992 akakiweka chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kukitumia, kukichunguza, kukirekebisha na kukigawa. Sisi watu wa Kibaha tusiione Finland kuwa mbali. Ni moja ya nchi nne za Nordiki zilizotujengea kituo cha elimu hapa kwa mkataba wa mwaka 1963, na mwaka 1970 kikakabidhiwa kwa serikali yetu. Walijenga wakakabidhi funguo. Leseni ile nayo inakabidhi funguo, lakini wenzangu wanaona heri kuvunja dirisha la jirani.

Udhuru wa mwisho ni lugha. Walisema ni Kiingereza kitupu. Basi mwezi Desemba 2004 wataalamu wa Idara ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupiga hesabu, yote kwa Kiswahili, yote bure. Niliwaonyesha wenzangu. Walicheka, eti maneno yake ni mageni. Je, "barua pepe" lilikuwa neno la babu zao? Neno huzoeleka kwa kutumiwa, na hawakulitumia. Sasa inajulikana kwamba tatizo halikuwa Kiingereza.

Simu nyingi mikononi mwetu ni za Android, ambayo imejengwa juu ya kiini cha Linux. Tangu Novemba 2017, kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux. Mfumo haukutushinda, tulikataa kuvumilia majuma machache ya kujifunza, tukauita uvivu wetu ugumu wa mfumo.

Kompyuta kuukuu hazijaisha Kariakoo. Mzazi mwenye uwezo wa kununua moja amnunulie mwanawe, amwekee mfumo ambao mtoto anaruhusiwa kuufungua na kuutazama ndani. Ikigoma, asikimbilie kumwita fundi siku ya kwanza. Amwache mtoto asome mashine inasema nini.