Sura mpya ya telefone: rangi ya mlango si kufuli

Kwa mchimbaji wa Rubaya ao wa Bisie, telefone ni chombo cha kazi sawa na nyundo na baramini. Inaleta bei ya asubuhi kutoka kwa negosiani, inapokea franga za M-Pesa ao Airtel Money, na jioni inapigia mama ku nyumba kumwambia: shimo halijaanguka, tuko wazima. Ndiyo sababu mabishano yaliyoanza Ulaya na Marekani mu 2025 juu ya sura ya telefone yanatuhusu na sisi, hata kama mtu akiyasikia mara ya kwanza atacheka.

Tarehe 9 Juni 2025, kampuni Apple ilionyesha sura mpya ya programu kubwa inayoendesha telefone zake. Waliiita Liquid Glass, ni kusema kioo chenye kuwa kama maji. Vitufe na maandishi vinakaa juu ya kioo hicho, na picha ya nyuma inaonekana ikipita chini yake, inapinda, inang'aa. Tarehe 15 Septemba 2025 sura hiyo iliingia mu telefone za watu kwa jina la iOS 26.

Wengine walishangilia: telefone imekuwa hai. Wengine walilalamika: uzuri ndiyo, lakini kusoma hatusomi. Mu Oktoba 2025, Nielsen Norman Group, watu ambao kazi yao ni kuchunguza namna wengine wanatumia programu, waliandika waziwazi kwamba kioo hicho kinafanya telefone iwe ngumu kutumia. Mu Novemba Apple ikaongeza mahali pa kuchagua kioo kisiwe cheupe sana, maandishi yasomeke. Mu Desemba, Alan Dye, aliyeongoza kazi ya sura hizo, akatangazwa kuwa anahamia Meta.

Haiko mara ya kwanza. Mu 2007 Microsoft ilileta Windows Vista na madirisha yake ya kioo, na kompyuta nyingi za wakati ule zikalemewa. Mu 2012, Windows 8 iliondoa kitufe cha kuanzia ambacho watu walikizoea. Kelele zikawa nyingi, na mwaka uliofuata kitufe kikarudi. Tunajifunza nini? Kampuni inasikia. Lakini inasikia zaidi wale wanaonunua telefone mpya na wenye kuwa na sauti.

Sasa tulete maneno ku kilima chetu. Wenye iPhone mu Masisi na Walikale ni wachache. Wengi tuna Tecno, Itel ao Infinix, ambazo zote zinatoka nyumba moja, Transsion ya Shenzhen huko China. Wengine wana kitochi, na kinawatosha. Lakini mavazi ya tajiri yanashuka mpaka sokoni. Google nayo mu Mei 2025 ilionyesha sura mpya ya Android, yenye rangi kali na vitufe vinavyocheza-cheza. Kitu kinachoanza ku telefone ya bei kubwa, kesho kinaigwa ku ile ya bei ndogo.

Wale wanaochora sura hizo wanazichorea ofisini, ku kioo kizima, umeme uko. Sisi tunasoma telefone kwa jua la saa sita, vidole vina udongo, kioo kimepasuka, na batri imesharjiwa ku paneli ya jirani. Maandishi hafifu juu ya picha yenye kung'aa, mahali pale hayaonekani. Kuchora vivuli na mianga nako kunaomba chipu ifanye kazi zaidi. Apple yenyewe ilisema kwamba mambo mapya yanaweza kugusa kidogo mwendo wa telefone na batri. Kidogo ya mtu mwenye umeme siku nzima, kwa mtu anayelipa kila akisharji ni franga.

Kuna jambo lingine kubwa zaidi. Wamama na wazee wengi kwetu hawakusoma sana. Telefone wanaijua kwa mahali na kwa rangi: kile cha kijani, pale chini, ndicho cha kupiga. Siku sura inabadilika, ujuzi ule unapotea. Mama anaita kijana apitaye: «Mwanangu, nisaidie.» Kijana anasaidia, na kwa kusaidia anaona namba ya siri. Mwingine ni mwaminifu, mwingine siye. Kwa mtindo huu, jambo la uzuri tu linaweza kumalizia ku mfuko wa familia.

Tazameni basi ile menyu ya pesa tunayoifungua kwa kupiga nyota na namba. Haina kioo, haina kivuli, haina picha. Ni maandishi na namba: 1, 2, 3. Inafanya kazi ku kitochi na ku telefone ya kugusa sawasawa, na ndiyo inapitisha pesa za watu wengi. Hakuna anayeisifu kwa uzuri, lakini mtu aliyeizoea anaipata siku zote pale alipoiacha.

Ukifika hapa unaweza kusema: basi tukatae kila «mise à jour». Hapana, wandugu. Mise à jour moja inaleta vitu viwili vimefungwa pamoja: rangi ya mlango na kufuli. Rangi ni sura. Kufuli ni ulinzi, yaani kuziba matundu ambamo wezi wa intaneti wanapitia. Rangi unaweza kuicheka, lakini ukikataa kufuli unalala mlango wazi.

Shida ni kwamba kampuni zinauza hivi viwili kwa furushi moja. Telefone ikiwa nzee, haipewi rangi mpya, na kisha muda fulani haipewi kufuli tena. iOS 26 haikubali iPhone XR wala XS, ambazo zilitoka mu 2018. Kwa hizo Apple imeendelea kutuma ulinzi ku mfumo wa zamani, na hiyo ni haki. Telefone nyingi za bei ndogo hazina bahati ile: zinapata ulinzi kwa muda mfupi, kisha kimya.

Kompyuta nazo ni vilevile. Ile ya secrétariat public, ya shule ao ya ofisi ya koperative, nyingi zinaendeshwa na Windows 10. Microsoft iliacha kuilinda bure tarehe 14 Oktoba 2025. Kuhamia Windows 11 kunaomba chipu ya ulinzi na mashine isiyo nzee sana. Walitoa mwaka mmoja wa nyongeza, mpaka Oktoba 2026: Ulaya bila kulipa, mahali pengine dola 30, ao kukubali kuunganisha mashine na konti yao kwa intaneti. Mwenye secrétariat afanye hesabu hiyo kabla ya kuacha karatasi za watu mu mashine isiyo na kufuli.

Wengine wetu watasema: acheni wabadilishe sura kila mwaka, sura mpya inauza telefone, telefone inauza koltani. Mawazo hayo yana ukweli nusu. Ni kweli koltani inatoa tantalum inayoingia mu vifaa vidogo vinavyotunza umeme ndani ya mashine, na kasiterite inatoa bati linalounganisha vipande. Umoja wa Mataifa umesema Rubaya peke yake ilitoa zaidi ya 15% ya tantalum ya dunia, na Bisie inahesabiwa karibu 6% ya bati. Lakini mnunuzi wa mwisho anachagua njia yake. Mu Desemba 2024, serikali ya Congo ilipopeleka mashitaka Ufaransa na Ubelgiji, Apple iliyakana, na ikasema imekwisha kuambia wauzaji wake waache kuchukua madini ya Congo na Rwanda. Mbele ya hapo, mu 2023, ilikuwa imetangaza kwamba kufikia 2025 bati la kuunganishia vipande mu plake zake litakuwa lile lililotolewa mu vyombo vya zamani. Na Rubaya iko mikononi mwa AFC/M23 tangu mwisho wa Aprili 2024. Vita, barabara, étiquette na kodi ndivyo vinashika bei ku shimo. Kioo cha telefone kinaweza kung'aa namna gani, hakitapandisha kilo yako.

Kwa hiyo, mambo manne ya kufanya nyumbani. Moja: usikimbilie sura mpya siku ya kwanza, ngojea wengine wajaribu, lakini ulinzi usiuache miezi. Mbili: kama kioo kinakusumbua, ingia mu Réglages ao Paramètres, tafuta Accessibilité, ku iPhone gusa «Réduire la transparence», ku Android tafuta pa kuongeza contraste na kuondoa animations. Maandishi yatasomeka na telefone itapumua. Tatu: mbele ya kununua telefone, usiangalie rangi tu, uliza muuzaji ni Android ya ngapi, na ulinzi wa mwisho ni wa mwezi gani. Tarehe hiyo inaandikwa ndani ya telefone yenyewe. Ine: sura ikibadilika, keti na mama ao mzee wako, umwonyeshe polepole kila kitu kilipohamia, na namba ya siri aiandike mwenyewe, wewe ukiwa umegeuza macho.

Wenye kuchora sura hizo waendelee kubishana kama kioo ni kizuri. Sisi tuna kipimo chetu, na kingefaa kifike mpaka ofisini mwao: mtu atoke shimoni saa sita, afungue telefone juani, asome pesa ngapi zimeingia, bila kumwomba mtu. Sura ikishinda mtihani ule, ni nzuri.