Simba wa Safari Rally alizaliwa Kericho. Mbona sisi tunachoma tairi kwa barabara ya watu?

Hii ni ya wale wenzangu wenye ugonjwa wa magari. Wale wakisikia Subaru ikinguruma mbali huko Kapsoit wanajua ni ya nani kabla haijafika mjini. Na ni ya wazazi wetu pia, wale wanatuona wote ni wahuni wa petroli.

Kwa Wazungu, Juni hadi Agosti ni jua. Watu wanatoa magari kwa gereji, wanayapangusa, kila wikendi kuna maonyesho. Huku kwetu miezi hiyo ni baridi, ukungu, na mvua inayoingia saa tisa mchana kama imeandikwa kazi. Lakini hata sisi tuna msimu wetu. Shule zikifungwa Agosti, halafu Desemba watu wa Nairobi wakirudi nyumbani, lazima kuwe na mkutano wa magari mahali. Meseji inatumwa kwa grupu, ndai zinatoka Nakuru, Kisumu, Eldoret, Sotik, na kufika saa nne kituo cha mafuta kimejaa.

Msimamo wangu nausema mapema ndio usiningoje mwisho. Mikutano ya magari ni kitu kizuri, na Kericho na Bomet zinafaa kuwa nayo mingi kuliko sasa. Lakini barabara ya umma si uwanja wetu. Tuache kuitumia hivyo, na kaunti ziache kutufukuza bila kutuonyesha pa kwenda. Hayo mambo mawili yanaenda pamoja.

Tuanze na kitu ambacho wengi wenu hamjui, na si makosa yenu, hakuna mtu alitufundisha. Joginder Singh, yule dereva aliyeitwa Simba, alizaliwa hapa Kericho mwaka wa 1932. Alishinda Safari Rally mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Ile ya 1965 alishinda na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika. Umeskia hiyo? Gari kuukuu, vijana wawili wa Kenya, na nyuma yao timu za viwanda zilizokuja na pesa kutoka ng'ambo. Zile mbili za baadaye alishinda kwa Mitsubishi Lancer, na 1976 Mitsubishi zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Lakini kitu kinachonifurahisha zaidi kuhusu huyo mzee si ushindi. Aliingia Safari mara 22 na akamaliza mara 19. Safari ya siku hizo haikuwa Naivasha ya wikendi moja. Ilikuwa maelfu ya kilomita za matope, vumbi, mito na ng'ombe. Wenye magari ya nguvu walibaki njiani na kofia za injini zikiwa juu, yeye anapita. Kwa nini? Kwa sababu kabla awe dereva alikuwa fundi. Alijua gari linasema nini kabla halijavunjika. Simba wetu alijulikana kwa kufika.

Sasa linganisha na kile tunashangilia leo. Mtu anazungusha gari katikati ya barabara, moshi, watu wamesimama mita mbili kutoka kwa tairi na simu juu. Hiyo ndiyo klipu inayopaa. Mimi natengeneza video kwa kazi, niliacha chuo mwaka wa pili na hii ndiyo inalipa kodi ya nyumba, kwa hivyo naongea kama mtu anayejua hesabu. Klipu ya sekunde kumi ya tairi ikichomeka inashinda dakika tano za fundi akieleza breki. Nimeitwa mara kadhaa nikapige picha za mbio za usiku kwa barabara, na jibu langu limekuwa hapana kila mara. Mtazamaji anarudi kulala. Mwenye duka la kando ya barabara ndiye anabaki na hatari.

Na sisi wa huku hatuwezi kujifanya hatujui barabara inaweza kufanya nini. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, trela lilipoteza mwelekeo likaingia kwa matatu, boda boda na akina mama waliokuwa wakiuza bidhaa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa jioni moja. Oktoba 2018, basi lilianguka upande wa Fort Ternan, tena zaidi ya 50. Hakuna mmoja kati yao aliyekuwa kwa mkutano wa magari, na sisemi sisi ndio tulisababisha. Nasema hivi: katika kaunti ambayo karibu kila mtu anamjua mtu aliyemjua mmoja wa hao, kufunga kona ya barabara kuu ili upige donati ni kukosa adabu. Hakuna jina lingine.

Ongeza hali yetu ya hewa. Tuko mita elfu mbili na zaidi juu ya bahari. Mvua inanyesha karibu kila alasiri, ukungu unashuka, na trekta za majani chai zinatoka kwa barabara za udongo zikiacha matope mekundu juu ya lami. Dereva wa Nairobi anayekuja hapa na tairi pana zilizoisha meno anadhani lami ni lami. Si kweli. Lami ya Chepseon saa kumi jioni ni sabuni.

Lakini sitaki mzazi asome hapa aseme, "Si nilikwambia?" Hapana mathe, ngoja kidogo. Hujaona kile mimi huona kwa mkutano uliopangwa vizuri.

Hapo ndipo kijana wa kidato cha tatu anasimama kando ya Subaru na kuuliza mbona inanguruma hivyo. Mtu anamfungulia kofia na kumwonyesha: kwa injini hii pistoni zimelala, zinatazama pande mbili kama mabondia, na ule mngurumo unatoka kwa mabomba ya ekzosi yaliyo na urefu tofauti. Dakika tatu, bila ada, na mwalimu ana grisi hadi kwa kiwiko. Hapo ndipo mzee wa Litein anakuja na Peugeot 504 yake, na vijana wanaacha Mark X zao wanamzunguka yeye. Anawaambia gari kama lile lilishinda Safari mwaka wa 1975, halafu anawaonyesha vile ametunza kabureta miaka yote hiyo.

Hapo pia ndipo nilijua kusoma umri wa tairi. Angalia ubavuni, tafuta herufi DOT, fuata mpaka tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Magari mengi yetu yanatoka Japani yakiwa yametumika, sheria inaruhusu yasizidi miaka minane, na mara nyingi yanashuka melini na tairi zake za zamani. Meno yanaweza kuonekana mapya na mpira umekauka kama kuni. Nenda nje sasa hivi uangalie za gari la baba yako. Hilo somo moja linaweza kuokoa familia kwa mteremko wa Londiani, na lilitolewa kwa mkutano wa "wahuni".

Wasichana, nyinyi pia. Nimechoka na mabango ambayo msichana yumo tu ameegemea boneti. Mwaka wa 1974, mwaka ule ule Joginder alishinda mara ya pili, Orie Rogo Manduli aliingia Safari Rally kama dereva. Miaka hamsini baadaye bado tunamuuliza dada yetu kama gari ni la boyfriend?

Sasa, mahali. Nairobi wana uwanja wa farasi wa Ngong, ambapo Concours d'Elegance hufanyika, magari na pikipiki za zamani zikikaguliwa hadi chini ya zulia. Naivasha walipata Safari Rally iliporudi kwa ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, baada ya kukosekana tangu 2002. Sisi tunajaza mafuta tunaenda kwao, zaidi ya kilomita 250 hadi Nairobi, tunalala kwao, tunakula kwao, tunaacha pesa kwao. Halafu tunarudi nyumbani tunasema huku hakuna kitu.

Na kumbe sisi ndio tuna kitu ambacho hao wote hawana. Angalia mashamba makubwa ya chai. Yana barabara za ndani zinazopinda kati ya majani, zinapanda, zinashuka, zina geti na askari. Hizo si barabara za umma. Uingereza kuna mahali panaitwa Goodwood. Mwaka wa 1993 mwenye shamba aliamua kutumia njia inayopanda ndani ya uwanja wa nyumba yake, haifiki hata kilomita mbili, kwa mbio za gari moja moja dhidi ya saa. Leo ni moja ya sherehe kubwa za magari duniani. Njia yenyewe si ya ajabu. Kilichofanya ikue ni kwamba ilifungwa, ikapangwa, na watazamaji wakawekwa mahali pao.

Najua mtasema kampuni za chai haziwezi kukubali. Hazijaombwa vizuri bado. Na haina haja ya kuanza na mbio. Tuanze na maonyesho ya kusimama tu, magari yamezimwa, kwa uwanja wa Kericho Green au uwanja wowote ule Bomet. Tukionyesha tunaweza kukusanya magari na kuondoka bila polisi, bila chupa chini na bila mtu kuumia, ndio tuombe kilima.

Kuna hoja moja ya wazee ambayo naiheshimu kabisa. Mjomba wangu aliniuliza, "Bonasi ya chai imekuwa hii, na nyinyi mnachoma tairi za elfu ngapi?" Ni swali la haki. Mkulima mdogo analipwa kidogo kidogo kila mwezi na kungoja bonasi ya Oktoba, na upande wetu huu wa Bonde la Ufa kwa kawaida hupata chini ya wenzetu wa Mlima Kenya. Kwa mashamba makubwa mashine zinachuma majani, na mikono iliyokuwa ikichuma imerudi nyumbani. Mtu akiona kijana anachoma tairi mbele ya familia inayohesabu kilo, lazima aumie.

Jibu langu kwa mjomba ni kwamba tairi ichomwe kidogo, na pesa izunguke zaidi. Mkutano wa magari mia moja unaleta watu wa kula, wa kulala, wa kuosha magari. Mama wa chapati anauza. Fundi wa rangi anapata wateja watano kwa siku moja. Mwanafunzi wa chuo cha kiufundi cha Bureti anaona injini ambazo hajawahi kuziona darasani. Kama chai peke yake haitutoshi, basi kijana mwenye mikono ya gereji si tatizo la kaunti hii. Ni mali.

Kwa hivyo, mambo yenyewe ni haya.

Kwa kaunti za Kericho na Bomet: tupeni uwanja, Jumapili mbili kwa mwaka, Agosti na Desemba. Ambulensi moja, choo safi, na ada inayojulikana. Mkituruhusu mahali, mtakuwa na haki ya kutukamata barabarani.

Kwa waandaaji: anzeni saa moja asubuhi, malizeni saa saba, mvua itukute tumeshaenda. Mtu akitaka mashindano ya mwendo, apitie KMSF, shirikisho la mchezo huu nchini, si grupu ya WhatsApp. Na someni bima zenu, nyingi hazilipi gari likiharibika kwa mashindano. Ongeeni pia na viwanda vya chai kuhusu njia za trekta. Majani yakishachumwa hayangoji mtu.

Kwa wenzangu wa kamera: mtu akifunga barabara ya umma, zima simu. Kweli, zima. Asilimia kubwa ya huo wazimu ni sisi. Bila kamera, atazungusha gari mara moja aone aibu aende nyumbani.

Na kwa yeyote atakayepanga maonyesho ya kwanza hapa, weka picha ya Joginder Singh getini. Sitaki sanamu wala hotuba, picha tu, na hizo namba mbili chini yake: 22 na 19. Watoto wa huku wakue wakijua kwamba dereva mkali kuliko wote aliyetoka mtaa huu ni yule aliyejua gari lake, akawasha taa kwa ukungu, na akafika.

Mtumie hii MCA wako. Mtumie pia yule rafiki yako mwenye Subaru, unamjua ni nani.