Karafuu na Saratani ya Kinywa

Mtu aumwaye jino Mombasa au Pemba hahitaji kuelekezwa. Hutwaa karafuu, akaibana penye jino, na punde maumivu hupungua. Si uchawi. Mafuta ya karafuu yamejaa kemikali iitwayo yujenoli, ambayo hutia ganzi. Matabibu wa meno wenyewe huichanganya na oksidi ya zinki kuzibia meno.

Sasa wapo wanaodai kwamba mafuta hayo hutibu saratani ya kinywa. Dai hili halikuzuka hewani. Katika maabara, yujenoli imeua seli za saratani zilizooteshwa chomboni. Lakini mwalimu ye yote wa sayansi anajua kwamba vitu vingi huua seli chomboni, hata chumvi ikizidi. Yujenoli hiyo hiyo, ikiwa kali, huunguza ufizi ulio mzima. Kutoka chomboni hadi kinywani mwa mgonjwa kuna safari ndefu ya kupima kiasi, madhara na manufaa, nayo mafuta haya hayajaimaliza.

Hatuidharau mimea. Ule mmea mdogo wa maua ya waridi, wenye asili ya Bukini, ambao wengi huupanda uani kwa pambo tu, ndio uliotupa vinkristini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1963 na ambayo ingali inatibu saratani ya damu ya watoto. Lakini dawa hiyo ilichujwa, ikapimwa, na hutolewa hospitalini kwa sindano ya mshipani. Atafunaye majani yake hujitilia sumu.

Tunaloliogopa hasa ni ile ganzi. Saratani ya kinywa aghalabu huanza kwa kidonda kidogo, au baka jeupe au jekundu, lisilouma sana. Mgonjwa akipaka mafuta, husikia nafuu. Hurudia mwezi wa kwanza na wa pili, na uvimbe unazidi kukua chini ya nafuu hiyo. Walio hatarini zaidi ni wavutaji na watafunaji wa tumbaku, walevi, na wala tambuu. Ieleweke kwamba popoo, hata bila tumbaku, imekwisha kutajwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kuwa kisababishi cha ugonjwa huu.

Kidonda cha kinywa kisichopona kwa majuma mawili hakina budi kuonyeshwa daktari. Walimu wanaweza kulisema hili darasani, kwa kuwa mwanafunzi ndiye atakayelifikisha kwa babu yake mla tambuu.