Huenda Kosa si Lako



Majuzi nilikuwa Kitale, mtaa wa Tuwan, nyumbani kwa dada yangu aliyeolewa huko miaka mingi iliyopita. Jioni moja tulikuwa jikoni tukisukuma chapati, na binti yake, anayesomea usanifu wa tovuti, akaweka simu juu ya meza na kufungulia mahojiano. Hiyo ndiyo ada yake: husikiliza mabingwa wa kazi hiyo wakiulizwa maswali. Mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza, naye alikuwa akiyasimamisha kila mara ili atufasirie. Nilidhani nitasikia habari za mitambo. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa habari za watu: wanavyosoma, wanavyosahau, na wanavyoona haya kuuliza.

Jina nililolishika ni la Don Norman, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1979 ilitokea ajali katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, na lawama zikawaangukia wafanyakazi waliokuwa zamu. Norman alikuwa miongoni mwa wataalamu walioitwa kulitazama jambo hilo. Waliona kwamba chumba cha kuongozea mitambo kilipangwa vibaya hata mtu hodari angeweza kukosea. Katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu vitu vya kila siku, alitoa mfano wa mlango. Ukiona mlango una mkono, ukauvuta, kumbe ni wa kusukuma, usijilaumu. Aliyekosea ni yule aliyetia mkono wa kuvutia mahali pa kusukuma.

Hapo dada yangu akaacha kusukuma chapati. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, basi ile basari ya mdogo wako sikuituma."

Sote tulijua kwamba kijana wake wa sekondari alinyimwa basari mapema mwaka huu, akakaa nyumbani wiki mbili kwa kukosa karo. Ndivyo tulivyoambiwa. Kumbe jina lake halikupata kufika mbele ya mtu yeyote. Maombi yalipokewa kwa njia ya tovuti tu, na dada yangu alijaribu usiku tatu mfululizo, ukurasa ukimkatalia. Binti alikuwa chuoni katika mitihani, na mama hakutaka kumsumbua. Zaidi ya hayo, aliona haya. Mwanamke aliyelea watoto watano na kuendesha biashara ya nguo alijiona mjinga mbele ya kioo cha simu, akaona afadhali kusema kijana amenyimwa.

Nilitazamia binti atalaumu. Hakulaumu. Alifuta unga mikononi, akaufungua ukurasa ule. Siku ya mwisho ilikuwa imekwisha pita, lakini fomu ilikuwa ingali ikifunguka. Akampa mama simu na kusema, "Nionyeshe ulivyofanya, mama. Mimi nitanyamaza." Akakaa kando yake, akitazama kidole chake.

Katika muda wa robo saa yakadhihirika mambo matatu. Kwanza, fomu ilitaka jina la mtu na jina la ukoo, mawili tu. Sisi huandika jina letu, la baba na la babu, na ndivyo kitambulisho kinavyosema. Kila alipoacha jina moja, majina hayakulingana na kitambulisho. Pili, onyo la kosa liliandikwa kwa Kiingereza, tena juu kabisa ya ukurasa, ilhali kitufe cha kutuma kiko chini kabisa. Yeye alibonyeza, akaona kimya, akabonyeza tena. Tatu, namba ya kuthibitisha ilikuja kwa ujumbe wa simu, na alipotoka kwenda kuusoma, ukurasa ukafuta yote aliyojaza. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotokana na ujinga wake.

Binti akatukumbusha kwamba kazi njema huanza kwa kutazama namna hiyo hiyo. Mwaka 2005 M-Pesa ilipojaribiwa Nairobi na Thika, nia ilikuwa wakopaji wadogo walipe mikopo yao kwa simu. Waliosimamia jaribio, akina Nick Hughes na Susie Lonie, wakaona watu wakiitumia kwa haja nyingine, hasa kupelekeana fedha. Hawakuwaambia kwamba wanakosea. Waliigeuza huduma ifuate watu, na ilipozinduliwa Machi 2007 ilinadiwa kwa kutuma pesa nyumbani. Baadaye mtumaji akawekewa jina la mpokeaji mbele ya macho, ahakikishe kabla fedha hazijaondoka. Waliofanya hivyo walikubali kwamba binadamu hukosea tarakimu, wakamjengea nafasi ya kurudi nyuma.

Ndugu msomaji, siku hizi cheti cha kuzaliwa, matibabu na karo hupitia milango ya namna hii. Anayeshindwa kuifungua huishia kumkabidhi kijana wa dukani kitambulisho chake na namba yake ya siri. Hiyo ni amana nzito kumpa mtu usiyemjua, na wengi wetu huitoa kwa sababu ya haya tu.

Basi wewe mama, ukurasa ukikukatalia, usifiche. Mwite mwanao mapema, siku ya mwisho haijafika, na namba ya siri uiandike kwa mkono wako mwenyewe. Nanyi vijana, mama akiwaita, msimpokonye simu na kummalizia kazi huku mkicheka. Kaeni kando yake, mtazame, mnyamaze. Na wenye kuajiriwa kutengeneza kurasa hizo, kabla ya kuzifungua kwa umma, mpeni simu mama mmoja wa Tuwan, kisha mtazame kidole chake.

Usiku ule binti aliyaandika yale mambo matatu kwenye karatasi, kwa Kiswahili safi. Jumatatu dada yangu aliipeleka mwenyewe katika ofisi inayohusika. Jibu bado hawajapata. Lakini kijana wake sasa anajua ukweli, na fomu ya mwakani wataijaza pamoja, mama akishika simu.