Wajapani Walipotafuta Neno la Haki

Wanazuoni wa sheria wa Japani, Uchina na Korea wakialikana vyuoni na kusomeana vitabu, watu hudhani hayo ni ya mawakili peke yao. Mimi nayaona ni ya lugha kwanza, ndiyo sababu nimeyaleta ukurasa huu.

Mwaka 1869 serikali mpya ya Japani ilimtaka Mitsukuri Rinsho azitafsiri sheria za Ufaransa. Miongoni mwa maneno yaliyomkwama ni hili letu jepesi, haki. Kijapani hakikuwa nalo. Akaliazima kenri kutoka Kichina, ambako Mmarekani mmoja alikwisha kulitumia katika kitabu cha sheria za mataifa kilichotoka Beijing 1864. Baadaye, tafsiri yake iliposema kwamba raia wana mamlaka yao, wakubwa wakamjia juu: raia na mamlaka, wapi na wapi?

Hebu litazameni neno lenyewe. Herufi yake ya kwanza ni mamlaka, ya pili ni faida. Sisi tuliokaa chuoni juu ya mkeka twajua kuwa haki kwa Kiarabu ni ukweli pia, basi adaiye haki hudai lililo kweli. Mjapani yeye adai mamlaka na faida! Fukuzawa Yukichi, mwandishi mashuhuri wa zama hizo, aliiondoa herufi ya faida akaweka ya kanuni na akili, matamshi yakabaki yale yale. Halikushika. Naiona ni hasara.

Boissonade, Mfaransa aliyefika huko 1873, akawatungia sheria za mali na mikataba, zikatangazwa 1890. Msomi mmoja akaandika kwamba zikija hizo, utii kwa mfalme na wazazi umekufa. Zikaahirishwa. Wajapani watatu waliosoma Ulaya wakaziandika upya, zikaanza kutumika 1898. Mmoja wao, Ume Kenjiro, mwaka 1904 akawafungulia vijana wa Kichina darasa la haraka la sheria katika chuo cha Hosei, Tokyo. Vijana kama hao ndio waliorudi kwao na msamiati tele, na lile neno la Beijing likaenea Uchina kwa jina la quanli. Wakorea walitamka gwolli.

Tangu 1999 wasomi wa Kijapani wamewasaidia wenzao wa Kambodia. Huko herufi za Kichina hazikufaa kitu, Kikhmer kina maandishi yake, ikawa kukaa kitako kutafuta neno moja moja. Sheria ilitangazwa 2007, ikaanza kutumika 2011.

Nasi je? Haki, sheria, hakimu, wakili, shahidi, dhamana: yote tunayo, hatuna la kumwazima Mchina. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Lakini hukumu za mahakama zetu kuu zaandikwa kwa Kiingereza, na mzee wa Lamu aliyeshinda kesi ya shamba hana budi kumtafuta mjukuu amsomee alichokishinda.