ETI KIINGEREZA NDICHO KILICHONILETA SALAMANCA

Basi bwana, mwezi wa nane nilikuwa nyumbani. Siku moja natoka Nachingwea kwenda Ruangwa kwa dada yangu, ndani ya kibasi kilichojaa watu, ndoo na magunia, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno. Pembeni yangu kakaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Nikamwamkia, tukaulizana habari za korosho na bei ya ufuta. Aliposikia nasoma Hispania akafurahi kweli kweli. Akawageukia abiria wa nyuma akasema kwa sauti: "Mnamwona huyu? Kafika Ulaya kwa sababu ya Kiingereza. Wenu waacheni na Kiswahili chao, watabaki hapa hapa kwenye mikorosho."

Kibasi kizima kikaitikia. Mimi nikanyamaza, maana mzee habishiwi mbele ya watu. Lakini jambo hili limenikaa kooni tangu siku ile, na leo nalitema.

Mwalimu wangu, shikamoo. Hapo umekosea.

Huku Salamanca sisomi kwa Kiingereza. Nasoma kwa Kihispania. Nilipofika sikujua kitu zaidi ya majina ya wachezaji wa Barcelona na Real Madrid. Kabla sijaingia darasa lolote la fani yangu nilifundishwa lugha, lugha tupu, miezi tisa, na walimu ambao kazi yao ni hiyo tu, kuwafundisha wageni Kihispania. Nilikosea, nikachekwa, nikarekebishwa, nikakosea tena. Dukani niliomba sabuni nikapewa supu. Baada ya hapo ndipo nikaruhusiwa kwenda kwenye lekcha. Ni kweli fomu ya ufadhili niliijaza kwa Kiingereza, sikatai. Lakini ile ilikuwa fomu, kurasa nne.

Sasa njoo Ruangwa, nyumbani kwa dada. Mpwa wangu yuko kidato cha kwanza. Darasa la saba alikuwa mkali wa sayansi, usanisinuru alikuwa anakueleza huku kashika jani la mkorosho: mwanga unaingia hapa, maji yanatoka kwenye mizizi, chakula kinatengenezwa hapa. Jioni ile nikamwambia anionyeshe daftari la biolojia. Akasimama wima kama askari, akakariri sentensi ndefu ya Kiingereza kuhusu fotosinthesisi, haraka, bila kupumua. Nikamuuliza, maana yake nini? Kimya. Nikamwambia, mama, si ndiyo ile usanisinuru yako? Akanitazama kama nimemfungulia dirisha. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni kitu kile kile!

Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye shule haimfai, akili yake imekwisha, bora abaki amsaidie mama yake shambani. Miaka kumi na minne, jamani. Akili yake haijaenda popote. Tumemfungia nje ya akili yake, na ufunguo tumeutia mfukoni.

Mtoto huyu anaongea Kimwera na bibi yake na Kiswahili na dunia nzima anayoijua. Kiingereza ni lugha yake ya tatu, na amepewa wiki chache za matayarisho kisha akaambiwa haya, soma fizikia. Mimi mtu mzima, mwenye kitabu, intaneti na mji mzima unaoongea lugha ile mpaka kwenye basi na bucha, nilipewa miezi tisa. Nani kati yetu alihitaji zaidi?

Wenyeji wangu huku nao walipitia haya haya. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1218, na kwa karne nyingi lekcha zake zilikuwa kwa Kilatini. Kuna chumba cha zamani kimehifadhiwa, mabenchi yake ni magogo yaliyochongwa kwa shoka, na nikiyaona namkumbuka mpwa wangu: vijana walikaa pale wakisikiliza lugha ambayo mama zao hawakuwabembeleza nayo. Kihispania kilikuwa cha jikoni na sokoni. Mwaka 1492 Antonio de Nebrija, aliyewahi kufundisha hapa, akachapisha hapa hapa Salamanca kitabu cha sarufi ya lugha hiyo. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba Malkia Isabella alimuuliza kitabu kile kina faida gani. Sarufi ya lugha ambayo kila mtu anaijua? Swali hilo hilo tunaulizwa sisi watetezi wa Kiswahili, kwa dharau ile ile, miaka mia tano baadaye. (Nebrija naye hakuwa malaika. Aliona wazi kwamba lugha huandamana na utawala, na Waamerika wa asili walikuja kulionja hilo. Mimi siungi mkono lugha kubwa kumeza ndogo, na Kimwera cha bibi kinanihusu pia.) Leo daktari, mhandisi na mwanasheria wote wanasomeshwa huku kwa lugha ya sokoni, na sijasikia daraja lililoanguka kwa sababu ya kukosa Kilatini.

Mtaniambia hiyo ni Ulaya. Haya, turudi Nachingwea. Wapiganaji wa Frelimo walikuwa na kambi kubwa pale, wazee wetu wanaikumbuka. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 haikuchukua muda: kuanzia 1977 watoto wao kwa maelfu wakapelekwa Kuba, Kisiwa cha Vijana, wakajifunza Kihispania na wakasoma. Hakuna aliyewaambia wangoje kwanza wajue Kiingereza. Anayetaka kwenda kusoma nje hufundishwa lugha ya huko anakokwenda. Ajabu ni sisi tunaosoma kama wageni tukiwa nyumbani kwetu.

Nachingwea hiyo hiyo, Waingereza walikuja na matrekta mwaka 1947 kulima karanga bila kuiuliza ardhi inataka nini. Wakajenga reli, wakamwaga mapesa, na mwaka 1951 mradi ukafa. Reli nayo ikang'olewa. Wale angalau walikubali kwamba imeshindikana. Sisi Tume ya Makweta ilituambia mwaka 1982 kwamba sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Tukakataa. Sera ya 2014 ikafungua mlango, tukasimama kizingitini. Na kidato cha kwanza Ruangwa bado kinakariri.

Najua majibu yenu. "Vitabu hakuna." Usanisinuru ilitoka wapi kama si kwenye kitabu? Andikeni vingine. "Kiingereza ni lugha ya dunia." Sawa, basi kifundisheni! Mpeni mtoto mwalimu wa lugha anayeijua lugha, miezi mingi, kama nilivyopewa mimi, halafu biolojia mwacheni aielewe. Sijasema tufute Kiingereza, na atakayekuja kunisingizia hilo nitajua hajasoma mpaka hapa. Na nyie wakubwa mnaopeleka wenu inglishi midiamu tangu chekechea, huu mjadala kwenu ni mchezo, kwa sababu anayelipia ni mtoto wa dada yangu.

Saa hizi huku ni usiku, baridi kali, mawe ya Villamayor yaliyojenga mji huu yamezima ile rangi yao ya dhahabu ya jioni. Kesho nina mtihani. Lakini kila Jumapili namwandikia mpwa wangu somo moja la biolojia kwa Kiswahili kwenye simu ya mama yake, na neno la Kiingereza naliweka pembeni. Wiki hii ilikuwa osmosisi. Jana kanijibu: "Mjomba, kumbe ndiyo maana maharage yakilowekwa yanavimba? Mbona hawakusema?"